Kitanda kimenyamaza

Leo mchana nimekitengeneza kitanda chetu cha mbao, ambacho kwa muda mrefu kimekuwa kikilia kila mmoja wetu anapojigeuza usiku, hadi mtoto anaamka.

Nilitoa godoro, kisha nikabonyeza kona moja baada ya nyingine huku nikitega sikio, kwa sababu mlio hutoka pale ambapo vipande viwili vinasuguana.

Bolti za upande wa kichwani zilikuwa zimelegea. Nilizitia washa (vile vipete bapa vya chuma), nikazikaza kwa spana.

Kazi kubwa ilikuwa kwenye chaga. Mbao zikikauka husinyaa, ndiyo maana chaga hubaki na nafasi ya kucheza juu ya ubao unaozibeba. Nilisugua nta ya mshumaa kwenye ncha za kila chaga, nikatandika vipande vya kitambaa chini yake. Mafuta ya kupikia sikuyatumia, kwani hunata na kukusanya vumbi.

Niliporudisha godoro, nikaketi, nikalala ubavu, nikajigeuza kwa nguvu: kimya kabisa! Nimefurahi mno.

Ndugu zangu wenye vitanda vya chuma, ninyi huzuiaje mlio kwenye maungio? Naomba mnieleze, kwa maana kesho nakishughulikia cha mama.