Jina ambalo sikuliandika: siku moja ya mwandishi wa mkoani

Saa 11:40 alfajiri. Julai ya Iringa haina huruma. Nimejitanda kanga juu ya sweta, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, redio inasoma vichwa vya magazeti. Stori yangu ya juzi haimo. Basi juzi nilifanya kazi bure, maana sisi wa mikoani tunalipwa kwa stori, na isiyotoka haina malipo. Kwenye kundi la WhatsApp la mtaa kuna picha ya mwanaume mwenye pingu, chini yake mtu kaandika "mnyama huyu hapa". Leo anafikishwa mahakamani.

Saa 2:20 asubuhi. Muuza magazeti wa stendi ananisalimu "kamwene" na kuniuliza kama leo nimo. Simo, baba. Watu saba wamesimama mbele ya meza yake wanasoma vichwa vya habari, hakuna anayenunua. Kwa wengi hapa, gazeti ni hicho kichwa tu.

Saa 3:30. Karani anaita kesi. Mwendesha mashitaka anasoma: kosa la maharimu. Mshitakiwa anakana, kesi inaahirishwa, anarudishwa mahabusu. Dakika sita.

Kazi yangu ndiyo inaanza. Ushahidi wa makosa ya kujamiiana husikilizwa faragha na hauruhusiwi kuchapishwa, hilo tunalijua. Tatizo ni kwamba wengi wetu tukishaandika "mtoto wa miaka 11, jina linahifadhiwa" tunajiona tumemaliza. Hebu soma neno lenyewe: maharimu. Ni kosa la kujamiiana na ndugu wa damu. Ukiandika kosa hilo, ukaweka jina la baba na kata anakoishi, umeshamtaja binti. Darasani kwake watamjua kabla ya mapumziko ya saa nne.

Nimebishana na mwenzangu nje, chini ya jakaranda.

"Dada, ukificha jina lake unamlinda mhalifu."

"Kwanza bado ni mshitakiwa. Pili, simfichi yeye."

Hakukubali. Ameandika jina lote, la ukoo likiwemo. Nami nimeandika kosa, umri wa mshitakiwa na tarehe ya kesi kurudi. Jina hapana, kata hapana. Stori imekuwa na aya nne, nyembamba kama uji wa mgonjwa.

Saa 5 na nusu. Nikipita karibu na Mahakama Kuu huwa namkumbuka Daudi Mwangosi, mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari ya mkoa wetu, aliyeuawa akiwa kazini Nyololo, wilayani Mufindi, Septemba 2, 2012. Mwaka 2016 askari mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Wageni wakijua ninachofanya, hilo ndilo wanaloniuliza. Lakini mtego wangu wa kila wiki ni mdogo, una rangi ya kaki, na unaitwa nauli.

Saa 6 mchana. Ukumbini, uzinduzi wa mradi wa maji. Hotuba tatu, soda, karatasi ya kusaini. Afisa habari ananipa bahasha: elfu thelathini. Stori ikitoka nalipwa elfu kumi. Nimepokea. Sitajifanya mtakatifu, miaka ya nyuma nimepokea nyingi, na wanaotuita makanjanja kwa hilo sijawahi kusikia wakiuliza nani analipa bajaji.

Nje ya ukumbi nimemuuliza mama mmoja mwenye ndoo kama maji yanatoka. "Yalitoka jana walipokuja kujaribu." Nikarudi kwa afisa habari kuomba maelezo. "Dada, hayo tutaongea. We andika uzinduzi."

Saa 10 jioni. Nimempigia mara tatu, hapokei. Bila jibu lao siwezi kuandika kwamba bomba ni kavu, na uzinduzi mtupu sitauandika. Nimemrudishia elfu thelathini kwa simu, makato juu yangu. Hapo ndipo alipopiga, ndani ya dakika moja.

"Dada, umekasirika?"

"Hapana kaka. Nataka tu kujua maji yatatoka lini."

Akakata.

Saa 1:15 usiku. Mhariri kanipigia kutoka Dar es Salaam. Anataka jina la mshitakiwa, wenzetu wanalo. Kichwa chake anakitamani kiwe "Baba mnyama kizimbani". Nimemweleza habari ya darasa na ya ukoo. Kimya kirefu, nasikia mtu nyuma yake anaulizia ukurasa wa michezo. "Nimekusikia," anasema. Kwa mhariri, neno hilo halina maana ya ndiyo.

Saa 3:50. Ametuma picha ya ukurasa wa 6, chini kabisa, kando ya tangazo la mnada: "Kizimbani kwa kosa la maharimu". Aya tatu, ya nne kaikata. Jina halimo.

Kwenye kundi la mtaa tayari wameweka jina, kama mwenzangu alivyoliandika. Watu wanalisambaza, na mmoja anauliza binti anasoma shule gani.