Waya ndo uliua betri za dada

Betri mbili za 200Ah zimekufa ndani ya miezi kumi na moja, betri mpya kabisa, tulizinunua siku moja na paneli na friji wakati tunamtengenezea dada tela lake la juisi, na kila fundi aliyekuja kuangalia alisema hizo betri ni feki mmepigwa. Hazikuwa feki. Kilichoziua ni waya, na naandika hapa kwa sababu najua wapo wengi Tanga hii na huko Bagamoyo wanafunga sola kwenye matela, kwenye vibanda vya chips, kwenye boti, na waya wanaoutumia ni huohuo tuliotumia sisi.

Tela lenyewe ni la ekseli moja, tumelijengea boksi la bati na plaiwudi ndani. Siku za wiki dada anakuwa nalo Raskazoni, sikukuu na wikiendi shemeji analivuta na Hilux mpaka Pangani au Muheza, wakati mwingine wanakaa siku tatu nne, dada na binti yake wanalala humohumo ndani kwenye kitanda cha kukunja. Juu paneli mbili za 200W, ndani friji ya 12V, taa za LED, feni, sehemu ya kuchajia simu za wateja, na inveta ya 1000W, ile inayogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, kwa ajili ya blenda. Anauza bungo, ukwaju na embe, na bungo lake watu wanalifuata kutoka mbali.

Shida ilianza usiku. Friji inajizima saa tisa usiku, mwanzoni mara mojamoja, alafu ikawa kila siku, dada akiamka alfajiri bungo limeshaanza kuchacha. Siku moja Pangani nlimkuta amekaa kwenye ngazi ya tela na ndoo mbili pembeni anazimwaga taratibu kwenye mchanga, hakusema kitu, na mi nlikosa cha kumwambia maana mfumo ule nlisimamia mimi.

Kilichotupoteza wote ni skrini ya kontrola, kile kifaa kinachokaa kati ya paneli na betri kupanga uchaji. Kila mchana inaandika 14.4, na 14.4 ndo volti inayotakiwa kujazia betri za AGM (za asidi, zilizozibwa) kama zile, kwa hiyo kila anayekuja anaangalia skrini, anasema sola iko poa kabisa, betri ndo mbovu. Hakuna hata mmoja aliyeweka multimita (kipimo cha volti) kwenye betri zenyewe wakati jua liko juu, na mi mwenyewe sikuwaza.

Aliyeweka ni mzee mmoja wa Sahare anayefunga umeme kwenye boti za uvuvi. Nlimfata nyumbani, shikamoo mjomba, marahaba mwanangu, nkamweleza, akasema nilete tela saa sita mchana, siyo asubuhi. Tulivyofika hakuigusa kontrola. Alipiga magoti, akafungua sehemu ya betri, akabandika tesa mbili (ncha za kupimia) za multimita kwenye vichwa vya betri, ikasoma 13.0. Akanyanyuka akaenda upande wa pili wa tela akapima kwenye skurubu za kontrola, 14.4. Akanigeukia, "Mwanangu, hiyo moja na nukta nne imeishia wapi njiani?" Alafu akaushika waya uliopita ukutani akaniambia na mimi niushike. Ulikuwa na uvuguvugu, kama kikombe cha chai kilichosahaulika. Umeme wa betri za dada ulikuwa unapasha moto plaiwudi.

Waya wenyewe ulikuwa wa 2.5, yaani milimita za mraba, ule wa soketi za nyumbani. Fundi aliyetufungia ni fundi wa nyumba, na kwa nyumba yuko sahihi, waya wa 2.5 unabeba ampia 20 bila kuungua. Ila nyumbani una volti 230, ukipoteza volti moja na nusu njiani hakuna kitakachojua, pasi itapiga, feni itazunguka. Kwenye 12V volti moja na nusu ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya umeme wako wote, na kwa betri ni mbaya zaidi, maana tofauti ya betri inayojaa na betri isiyojaa iko kwenye hiyohiyo volti moja. Kwa hiyo swali la "huu waya unabeba ampia ngapi" halitoshi kwenye tela, inabidi uulize na unapoteza volti ngapi kwa umbali huu.

Hesabu yake ni nyepesi, ni ileile kanuni ya Ohm tuliyosoma sekondari. Chukua umbali wa mita uzidishe kwa 2, kwa sababu umeme unaenda kwa waya mwekundu na unarudi kwa mweusi (hapa wengi wanasahau kurudi), zidisha kwa ampia, zidisha kwa 0.0175 ambayo ni ukinzani wa kopa (shaba), alafu gawanya kwa saizi ya waya. Kwetu kontrola ilifungwa mbele karibu na mlango ili dada aione vizuri, betri ziko nyuma chini ya kitanda, waya unazunguka ukuta mita 5. 5 mara 2 ni 10, mara ampia 20 za mchana ni 200, mara 0.0175 ni 3.5, gawanya kwa 2.5 unapata 1.4. Yaani ileile aliyoisoma mzee kwenye multimita, nlivyopata jibu hilo usiku kwenye daftari nlikaa nkaliangalia muda mrefu.

Sasa mtu atasema si betri ingejaa tu polepole? Ndio, ampia zikishuka na upotevu unashuka, ukiipa siku nzima na usiku nzima itajaa. Ila jua la kujazia sana sana ni masaa matano au sita, na kontrola ikishaona 14.4 kwenye skurubu zake inadhani betri zinakaribia kujaa, inaanza kubana ampia, kumbe betri ziko 13. Magharibi inaingia hazijajaa, usiku friji inakunywa, kesho tena hivohivo. Betri ya asidi ikikaa muda mrefu bila kujazwa vizuri salfeti inaganda kwenye sahani zake inakuwa ngumu, haitoki tena, na kila wiki betri inakuwa ndogo kuliko wiki iliyopita. Miezi kumi na moja ikaisha.

Tulichofanya kwanza hatukununua waya mnene wa mita 5, tulihamisha kontrola. Nataka hili lisikike kwa sababu kebo ya kopa nene ni ghali na watu wanakimbilia kuinunua kabla ya kufikiria umbali. Tumeileta nyuma, kutoka kontrola mpaka betri sasa ni mita 1 tu kwa waya wa 16, ukipiga hesabu kwa ampia 20 unapoteza volti 0.04 na kidogo, haina madhara. Dada alilalamika haioni skrini, shemeji akamtobolea kidirisha kwenye ubao wa kitanda, yakaisha.

Kweli ukihamisha kontrola waya wa kutoka kwenye paneli unakuwa mrefu zaidi, kwetu umefika mita 8. Lakini hapo unaweza kucheza, paneli mbili badala ya kuziunga sambamba unaziunga mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, volti zinajumlishana zinakuwa kama 40 na ampia zinabaki 10, kwa waya wa sola wa 6 upotevu hauvuki nusu volti kwenye 40, ni asilimia moja na kidogo. Hii ni kwa kontrola ya MPPT tu, inayogeuza volti za ziada kuwa ampia, ile ya bei rahisi ya PWM haiwezi kuitumia hiyo volti ya juu, na soma nyuma ya kontrola kiwango cha mwisho cha volti kabla hujaunga maana paneli ikiwa haina mzigo volti zake zinapanda zaidi ya zile za kazi.

Upande wa inveta ndo kulikuwa na balaa jingine. Inveta ya 1000W kwenye 12V inavuta ampia 83 kwenye karatasi, ila yenyewe inakula kidogo kwenye kubadilisha umeme kwa hiyo weka 95. Tuliyofungiwa ilikuwa na kebo nene inavutia macho, zile za kubustia gari, kwenye pakiti imeandikwa 1000A. Blenda ikianza tu inveta inapiga kelele inazima. Mzee alichukua kisu akaikata pale pale, plastiki nene kama kidole, ndani kafungu kadogo ka nyuzi. Alafu akakwaruza uzi mmoja na wembe, rangi nyekundu ikatoka, chini yake nyeupe. Ni aluminiamu imepakwa kopa juu, na aluminiamu inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya kopa, kwa hiyo hata ukipewa saizi sahihi ya waya wa aina hiyo ni sawa na umepewa wa saizi ndogo yake. Ukienda dukani omba ukwaruze. Ila usichanganye na waya wa boti, ule ni kinyume chake, nje mweupe kwa sababu umepakwa bati na ndani mwekundu, na huo kwa hapa pwani ndo mzuri kuliko yote, chumvi ya bahari inachelewa kuula. Tela letu limekaa Raskazoni mwaka mmoja tu na ncha za waya wa kawaida zilikuwa zimeshaota ukungu wa kijani.

Tuliweka kopa ya 35 kwenye inveta, mita moja na nusu, upotevu 0.14 inveta ikiwa imebeba mzigo wote. Blenda ikaanza bila kelele. Lakini baada ya siku chache nkagusa kichwa cha kebo upande wa betri nkaondoa mkono haraka, moto. Nkafanya alichonifundisha mzee: multimita kwenye volti, tesa moja kwenye nguzo ya betri, nyingine kwenye kopa ya kebo yenyewe, blenda inazunguka. Kwenye kiungo kizuri inatakiwa usome karibu na sifuri, mi nlisoma 0.3. Zidisha 0.3 kwa ampia 90 ni wati 27, hiyo ni pasi ya kuchomea risasi kabisa imekaa juu ya betri. Kisa nini, nlibana ile lagi (kichwa cha chuma cha mwisho wa kebo) kwa nyundo. Nkaikata, nkaenda kwa mtu mwenye mashine ya kubania ya haidroliki akanibania lagi mpya kwa dakika mbili, nkapaka grisi, ikashuka mpaka haisomeki vizuri. Kipimo hiki kifanye kwa kila kiungo, kwenye fyuzi, kwenye swichi, kwenye arthi, kinakuonyesha moja kwa moja volti zinapotelea wapi bila kubahatisha.

Na fyuzi tafadhali. Sisi hatukuwa nayo upande wa betri hata moja, ilikuwepo kwenye friji tu. Betri ya namna hii ikipigwa shoti inatoa mamia kwa mamia ya ampia bila kusita, waya unakuwa mwekundu kama makaa na plaiwudi iko hapo hapo, na dada na mtoto wamelala juu yake. Kila nkikumbuka hilo moyo unaenda mbio. Fyuzi inakaa kwenye chanya karibu kabisa na betri, na saizi yake unaipanga kwa waya unaoulinda, siyo kwa kifaa kilichoko mwisho. Waya wa 35 tumeweka ya 125A, wa 16 wa kontrola ya 60A, wa 2.5 wa taa na feni ya 20A. Fyuzi ikikatika usiweke kubwa zaidi, tafuta kilichoikata.

Kingine kilichonichanganya ni video za Marekani, wao wanahesabu waya kwa geji za AWG na namba ikipungua waya unakuwa mkubwa. Geji 6 ni kama milimita 13 za mraba, geji 2 ni kama 33. Mtu akisikia "tumia namba 6 kwenye inveta" alafu akaenda dukani akanunua waya wa 6 wa huku, amenunua chini ya nusu ya kilichosemwa. Na hizi zetu ni milimita za mraba, siyo upana, ukipima waya wa 16 kwa rula utakuta kopa yake ina upana wa kama milimita tano tu, usishtuke.

Betri mpya zina miezi minne sasa. Dada nlimnunulia multimita ndogo na ameshazoea, kabla hajafungua biashara alfajiri anapima vichwa vya betri alafu ananitumia picha. Ya jana kutoka Pangani ilikuwa 12.5, friji imefanya kazi usiku kucha. Kilichobaki ni waya wa kutoka kwenye altaneta ya Hilux, ule unaopita kwenye plagi ya pini saba, nao ni 2.5 na una mita 8, kwa ampia 10 tu unakula volti 1.1, ndo maana hata wakiendesha mpaka Muheza na kurudi betri hazionyeshi kuongezeka kitu. Shemeji amekubali niutoe, hasi yake nayo naivuta kwa waya wake isitegemee chesisi iliyoshika kutu, alafu nifunge chaja ya DC kwenda DC, inayopandisha volti zinazofika mpaka zitoshe kujaza betri, pembeni ya betri. Nikimaliza ntaweka picha za namba kabla na baada.