Karatasi mkononi, macho kwa watu

Jumapili, baada ya Alasiri

Ukikaa barzani, iwe Mji Mkongwe, Unguja, au Wete, Pemba, utasikia watu wanavyojua kuzungumza. Mtu hutua, hupandisha sauti, humtazama mwenzake usoni, hungoja kicheko kiishe ndipo aendelee. Mtu huyo huyo akisimama mbele ya wazazi ukumbini skuli, anaeleza jambo analolijua vyema kwa sauti moja, kichwa chini, kama anayeita majina ya daftari. Wengi husema ni woga. Mimi naamini karatasi ina makosa zaidi: hotuba imetungwa kwa ajili ya macho, kisha inalazimishwa masikioni.

Kuiandika yote si vibaya. Iandike, halafu isome kwa sauti huku simu inarikodi. Ulipoishiwa pumzi kabla ya nukta, kata sentensi. Ulimi ulipokwama, tafuta neno unalolitumia nyumbani. Baada ya hapo ihamishe kwenye kadi moja ya ukubwa wa kiganja: mistari mitano au sita, kila mstari maneno mawili matatu kwa herufi kubwa. Sentensi kamili zibaki mbili tu, ya kufungulia na ya kufungia. Tarakimu na majina ya watu yaandike pia, maana ndiyo yanayotoroka kichwani. Kisha simama useme kwa kufuata kadi, mara tatu au zaidi. Kila mara maneno yatabadilika kidogo, na hilo ndilo tunalolitaka. Aliyekariri neno kwa neno akisahau moja tu, yote yanayofuata humpotea.

Ukipewa dakika kumi, tayarisha za nane. Adhana ya Adhuhuri kwetu huwa karibu na saa sita na nusu, na ikianza unanyamaza. Kama wewe ni wa mwisho asubuhi, amua mapema sehemu gani utaiacha.

Halafu salamu. Itifaki ina heshima yake, na hakuna anayeanza bila ya "Assalaam alaykum". Lakini kuwataja wageni kumi na mbili mmoja mmoja, na waliokutangulia wameshawataja, kunaila ile dakika ambayo ukumbi mzima unakusikiliza. Mtaje mgeni rasmi na mwenyeji, sema "itifaki imezingatiwa", nyamaza sekunde mbili, uingie kwenye jambo. Na usiombe radhi kwamba hukujitayarisha. Hiyo inawaambia watu wasikusikilize.

Kipaza sauti kishike kwenye mpini. Ukikifumbata kichwani pale kwenye wavu, sauti hubadilika na mluzi huja upesi. Kiwe vidole vinne kutoka mdomoni, pembeni kidogo ya midomo, ili "p" na "b" zisipige. Mluzi huzuka sauti ya spika inapokirudia, kwa hivyo simama nyuma ya spika na usipite mbele yake. Chini ya turubai, upe mgongo upepo wa kusi. Masika, mvua ikishuka juu ya bati, usishindane nayo: ngoja, sogea karibu na watu, kisha irudie sentensi iliyopotea.

Woga nao upo, sikatai. Kabla ya kuitwa, vuta pumzi kwa pua ukihesabu nne, itoe polepole ukihesabu sita, mara tano hivi. Pumzi ndefu ya kutoka huyapunguza mapigo ya moyo.

Nimeyaacha macho mwisho kwa sababu hapa ndipo panaponiuma. Wazo moja limalize ukimtazama mtu mmoja, ndipo uhamie kwa mwengine, upande mwengine wa ukumbi. Katika shughuli zetu nyingi wanawake hukaa upande wao, na mzungumzaji mwanamme hufika mwisho bila ya kuugeukia. Nusu ya ukumbi imezungumziwa pembeni! Weka alama kwenye kadi, kila mstari wa pili, ikukumbushe kugeuka. Na ukifika wakati wa masuala, anzia upande huo.