Watamu kwa Saa za Maji

Tulitoka Nairobi kwa treni hadi Mombasa, kisha matatu ikatupitisha Kilifi na kutushusha njia panda ya Gede. Kutoka hapo tulichukua tuktuk mpaka Watamu, mama akiwa amepakata mkoba wake na mwanangu akichungulia bahari kila minazi ilipoachana. Nyumba tuliyokodi ilikuwa na baraza pana, paa la makuti na vidaraja saba vya mawe vya kushukia ufukweni. Vidaraja hivyo nilivihesabu kwa sababu ya magoti ya mama.

Asubuhi ya kwanza nilikuwa na karatasi yenye ratiba ya siku tano. Saa nne: kuogelea. Mzee anayeitunza nyumba alikuwa akifagia majani ya mkungu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo mwaelekea wapi?"

Nikamsomea. Akaegemeza ufagio ukutani.

"Jana mwezi ulikuwa mpevu. Haya ni maji ya bamvua, hujaa sana na kupwa sana. Saa nne bahari itakuwa imekupwa, hapo mbele utaona mchanga na mawe matupu. Asubuhi tembeeni, kuogelea ngojeni alasiri. Na kesho ongezeni kama dakika hamsini."

Ilikuwa kama alivyosema. Vile visiwa vya mawe vilivyo mbele ya Watamu, vilivyoliwa na mawimbi kwa chini mpaka vikafanana na uyoga, vilikuwa vimesimama pakavu. Mimi na mwanangu tulitembea kati yake tukiinamia vidimbwi. Kwenye kimoja tulikuta kiti cha pweza: kitundu kidogo mwambani, maganda ya kaa yamerundikwa mlangoni. Hatukumgusa. Bahari hii ni hifadhi tangu 1968, na hata konokono aliyekufa huachwa alipo. Mama alibaki barazani. Alitaka sana kutia miguu majini, lakini maji yalikuwa mbali na njia yote ni mawe yenye utelezi. Tulipovigeukia visiwa tena, saa sita na ushei, maji yalikuwa yameshafika magotini, nikamshika mwanangu mkono tukarudi upesi.

Nilitupa ratiba yangu usiku ule. Siku zilizobaki nilimwuliza mzee kwanza.

Siku ya pili tulikwenda magofu ya Gedi, kilomita chache tu bara ya Watamu. Nenda mapema, kabla jua halijakaza, ingawa miti mikubwa iliyoota juu ya kuta hutoa kivuli kizuri. Mji huu wa Waswahili ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ukastawi kwa karne kadhaa, na mwanzoni mwa karne ya 17 ulikuwa umehamwa. Ndani yake kuna msikiti mkuu, jumba la mtawala na nyumba ambazo wachimbaji wa mambo ya kale walizipa majina ya vitu walivyovikuta: nyumba ya kauri, nyumba ya mkasi, nyumba ya ushanga wa Venice. Vyombo vya kauri vilitoka Uchina. James Kirkman ndiye aliyeongoza uchimbaji kuanzia 1948, na mwaka 2024 UNESCO iliyaingiza magofu haya katika orodha ya urithi wa dunia.

Hayo unaweza kuyasoma popote. Kilichonishika mimi ni kaburi moja ambalo plasta yake imechorwa mwaka: 802 wa Hijria, yaani 1399. Karibu miaka mia moja baadaye Vasco da Gama alitia nanga Malindi, mwendo mfupi tu kutoka hapa, na Wareno wakakaa pwani hii muda mrefu. Hata hivyo nyaraka zao hazilitaji jina la Gedi. Mji wenye misikiti, vyoo na mifereji ya maji, na jirani zao wakawa kama hawauoni! Mama alisimama kwenye kisima kilicho karibu na msikiti akachungulia shimo kavu. Mtembezaji wetu alieleza kwamba huenda maji ya chini yalizidi kushuka, watu wakachimba wee, mwishowe wakahama. Wapo wanaotaja mashambulizi pia. Mama hakuyashughulikia hayo mengine. "Kisima kikikauka," alisema, "mwanamke ndiye wa kwanza kujua." Kima mmoja akashuka ukutani kumtazama.

Malindi mjini tulipita haraka, siku ya tatu. Ile nguzo ya Vasco da Gama yenye msalaba ina mandhari nzuri, lakini mimi humfikiria zaidi yule twiga aliyetoka Malindi akafika Uchina mwaka 1415. Nani alimkatia majani safari nzima ile? Tulikula viazi vya karai kwa ukwaju, tukaondoka.

Tulikuwa tunakwenda Marafa. Tulivuka daraja la Sabaki, mto unaobeba udongo kutoka bara hadi ukaipaka bahari ya Malindi rangi ya chai ya maziwa msimu wa mvua, kisha tukaingia barabara ya vumbi. Genge la Marafa halionekani mpaka uwe ukingoni mwake. Ardhi imepasuka ghafla, na ndani yake mmesimama minara ya mchanga mgumu: mweupe, wa waridi, wa chungwa, mwekundu. Wenyeji hupaita Nyari, mahali palipojivunja penyewe. Husimulia kwamba hapo waliishi matajiri waliokuwa wakioga maziwa ya ng'ombe huku jirani wakikosa, mpaka Mungu akawadidimiza. Weupe ni maziwa, wekundu ni damu. Mvua ndiyo inayochonga, na ingali inachonga, ndiyo maana ukingo husogea. Tulifika saa kumi na moja, na hiyo ndiyo saa yake. Mchana joto hukaa mle ndani kama ndani ya tanuri, lakini jua likiinama kila tabaka hujitenga na jenzake. Mama alipewa kiti ukingoni. Sisi tuliteremka na kijana wa kijijini, naye kila mara alituonya tusishike kuta, maana zinamomonyoka kwa kidole.

Siku ya nne mzee alisema maji yatajaa magharibi. "Basi leo ni Mida."

Kama una siku moja tu Watamu, ipeleke Mida, ule mkono wa bahari wenye mikoko, na uende maji yakiwa yanaingia. Tulipanda mtumbwi saa kumi na nusu. Nahodha alisukuma kwa pondo, bila kelele ya injini, tukaingia kati ya mikoko huku maji yakipanda kwenye mizizi kidole kwa kidole. Alituonyesha mkoko, ambao mbegu yake huota ikiwa bado mtini kisha hudondoka kama mkuki na kujichomeka topeni. Halafu akachuma jani la mchu, mkoko wa aina nyingine, akampa mama.

"Lamba, mama."

Mama alilamba, akakunja uso, akacheka. Chumvi tupu. Mchu hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi yake kupitia majani. Ukiligeuzia jani mwanga utaiona ikimeta. Lile jani mama alilitia ndani ya mkoba.

Kwenye fungu la mwisho lililokuwa halijafunikwa walikuwa wamebanana ndege weupe wenye migongo myeusi, midomo minene ya kuvunjia kaa. Hawa huzaa kwenye mashimo ya mchangani, pwani za Uarabuni, kisha huja kushinda huku. Fungu lilizidi kupungua, nao wakazidi kusogeleana, mpaka maji yakawagusa miguu, wakaruka wote kwa pamoja kuelekea kusini. Tulirudi gizani. Hakuna aliyesema neno.

Asubuhi ya kuondoka tuktuk ilikuwa imeitwa saa moja na nusu. Nilipotoka na mizigo sikumkuta mama barazani. Bahari ilikuwa imejaa mpaka kidaraja cha mwisho, na yeye alikuwa ameketi cha tano, kanga ameikunja magotini, maji yanamfika vifundoni na kurudi. Mzee alisimama pembeni, ufagio mkononi, akimwambia yataanza kutoka saa hiyo hiyo.

"Mwambie dereva angoje kidogo," mama akasema.