14 kwenye friza, 6 kwenye ndoo

Nimerudi ziwani sasa hivi, mikono bado inanuka samaki.

Hapa Minnesota, Marekani, sheria ya jimbo inaruhusu mtu mmoja kuwa na sanfishi 20 (wale bapa, ukiwaona utadhani perege wadogo). Si 20 kila siku uwe unajaza friza. Waliogandishwa nyumbani nao wanahesabiwa.

Kwa hiyo asubuhi kabla sijatoka nilihesabu vifurushi. Samaki 14. Leo nilibakiwa na sita tu.

Sita wenyewe hawakumaliza hata saa moja! Ukitupa ndoano, kamba inavutwa.

Halafu akaja wa saba.

Dume kubwa, kifua rangi ya embe bivu. Nikalowesha kiganja kwanza, nikamtoa ndoano, nikamshikilia ndani ya maji. Akatulia. Matamvua yanafunguka, yanajifunga, polepole, mkononi mwangu. Kisha akapiga mkia akaenda.

Nilibaki nimeinama pale muda mrefu.

Madume makubwa kama yule ndiyo yanayolinda mayai. Tukiyamaliza, ziwa linabaki na vidagaa vitupu.

Mama kanipigia kutoka Mwanza, nikamsimulia. "Umemrudisha mwenyewe, mwanangu?" Ndiyo, Mama. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia sato anaowaona sokoni siku hizi ni wadogo mno.

Usiku huu tunakaanga wanne.

Wavuvi wenzangu, huko mliko mnaruhusiwa wangapi? Na wa kwenye friza mnawahesabu?