Tope la Mikoko Nimelichora kwa Magome ya Mikoko

Karibu kila niliyemwonyesha mchoro wangu wa mikoko ya Lamu aliniambia nimtoe yule mkataji mwenye shoka. Mwalimu mmoja wa sanaa alishikilia kabisa: mandhari ni maumbile, binadamu anayachafua, weka machweo na jahazi, watalii watanunua. Nilikataa, na mpaka leo ushauri ule unaniudhi. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu, na mji wenyewe umejengwa kwa miti hiyo. Vyumba vya nyumba za kale ni vyembamba, mita 3 hivi, kwa sababu hapo ndipo urefu wa boriti unapoishia. Ukimwondoa mkataji, umechora Lamu ipi?

Nikamweka katikati, juu ya mashua iliyosheheni: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Kila unene una jina lake, na nilitaka mtu wa Lamu akitazama azitaje moja moja. Kushoto msitu mzima, kulia visiki, na kati ya visiki miche iliyopandwa na kina mama.

Kazi ilikuwa kwenye tope. Lile tope ni jeusi lenye wekundu ndani yake, na rangi ya akriliki ya dukani, hata uichanganye vipi, inatoa weusi mkavu usio na uhai. Mzee mmoja mkataji, mwenye kibali chake, ndiye aliyenifungulia njia. "Mwanangu, magome haya tunayatupa bure. Zamani tukitilia rangi nyavu."

Nikachemsha magome ya mkandaa, aina mojawapo ya mikoko, mpaka maji yakaiva kama chai ya rangi. Hapa ndipo pana siri: sehemu ya chini ya marikani, kitambaa cha pamba nilichochorea, niliiacha tupu, bila rangi nyeupe ya kutangulizia, ili kitambaa kinywe. Ikakauka hudhurungi nzuri. Kisha nikachukua siki niliyolowekea misumari yenye kutu, nikapitisha brashi. Jamani! Wekundu ukaanza kuingia kijivu, kijivu kikakolea, na muda si muda tope jeusi likawa limelala mbele yangu, bila tone la rangi nyeusi. Tanini, ile dawa ya rangi iliyomo kwenye gome, ikikutana na chuma hufanya hivyo. Mahali nilipoparuka bila kupitisha brashi, wekundu ulibaki, na pakawa vijito vya maji yanayokupwa. Niliita jirani aje aone.

Gharama ni ndogo. Fremu ndiyo iliyokula pesa, elfu mbili na kitu. Mchoro ulinunuliwa na mwenye nyumba aliyekuwa akikarabati dari yake ya boriti, si mtalii.

Ukijaribu, usizidishe siki, inakula kitambaa. Suuza kwa maji safi, acha ikauke kabisa kivulini, ndipo upake vanishi. Na magome omba kwa wakataji, kwenye miti iliyokwisha kukatwa. Usiuchune mkoko ulio hai.