Kinachomaliza Kope si Kubandika, ni Kubandua

Wateja wengi wanaolala kwenye kitanda changu cha saluni hapa Mwanga, Kigoma, huja na lalamiko moja, kwamba kope za kubandika zimewamalizia kope zao. Siwabishii, kwa sababu ukiwatazama kwa karibu unayaona mapengo kwenye ukingo wa jicho, hasa upande wa pembe ya nje. Ninachobishana nao ni mahali wanapoipeleka lawama. Ukope wa bandia uliobandikwa inavyotakiwa hukaa juu ya ukope wa asili hadi ule wa asili uanguke wenyewe kwa wakati wake. Kinachoacha mapengo ni kugandisha kope kadhaa pamoja, kuzibebesha uzito usiozifaa na, zaidi ya yote, kubandua kwa kuvuta.

Kope za juu za mtu mzima hukadiriwa kuwa kati ya 90 na 150 kwa kila jicho, na kila moja ina kalenda yake. Ukope hukua kwa mwezi mmoja hadi miwili hivi, kwa kasi ya takriban milimita 0.12 kwa siku, kisha huacha kukua, hupumzika kwa miezi kadhaa, halafu huanguka na kuupisha mwingine. Ndiyo maana kupoteza ukope mmoja au kope chache kwa siku si ugonjwa, hata kwa mwanamke ambaye hajawahi kubandika chochote. Sasa chukua kope tatu zenye umri tofauti uzigandishe kwa tone moja la gundi: ile changa inaendelea kusogea mbele, zile zilizokomaa zimesimama, na kwa kuwa zimefungwa pamoja, moja huivuta nyingine hadi ing'oke kabla ya siku zake. Mteja huhisi mwasho na maumivu ya kuchoma anapogusa jicho, lakini kwa kuwa kioo kinamwonyesha uzuri, huvumilia.

Kwa hiyo, sehemu kubwa ya kazi yangu ni kutenganisha. Kibano cha mkono wa kushoto hupasua njia katikati ya kope hadi ukope mmoja tu ubaki umesimama peke yake. Kibano cha mkono wa kulia huchukua ukope wa bandia, huugusisha kwenye gundi, kisha huulaza juu ya ule wa asili, ukiacha nafasi ndogo isiyozidi milimita moja kutoka kwenye ngozi. Gundi ikigusa ngozi, kazi hiyo imeharibika hata kama haijaonekana. Mteja hulala hivyo, macho yamefumbwa, kwa saa mbili au zaidi, na hapo ndipo bei inapotoka. Anayekuahidi kumaliza macho yote mawili kwa dakika 20 anakubandikia vishada, yaani mafungu ya kope zilizogandishwa pamoja, na vishada ni vya sherehe ya siku moja, si vya kulala navyo wiki tatu.

Unene nao una maana yake. Kope za moja moja za kawaida huwa na unene wa milimita 0.15, na zile za kufungwa kama feni ndogo huwa na milimita 0.05 hadi 0.07 ili mbili au tatu zikikaa pamoja zisiulemee ukope unaozibeba. Bibi harusi mwenye kope fupi na laini anaponiomba urefu wa milimita 15, humwambia wazi kwamba sitaweka, na wengine huhamia kwa jirani.

Gundi inayotumika ni ya jamii ya sainoakrileti, ambayo hukauka kwa kunyonya unyevu ulioko hewani. Hapa kwetu jambo hilo linaonekana waziwazi: wakati wa masika gundi hukamata haraka mno, mara nyingine kabla ukope haujakaa sawa, na kiangazi, upepo mkavu unapovuma na vumbi lake, huchelewa na kuendelea kutoa mvuke unaochoma macho. Gundi kali ya dukani, ile inayoitwa super glue, ni ya jamii hiyohiyo, na kwa sababu hiyo kuna wanaodhani inaweza kutumika badala yake. Haitengenezwi kwa ajili ya jicho, na ikiingia humo safari ni ya hospitali.

Wekundu unaotokana na mvuke hupungua baada ya saa chache. Mzio ni jambo jingine: ngozi ya juu ya macho yote mawili huvimba, huwasha, mara nyingi ndani ya siku mbili, na kila ukirudia kubandika huja kwa nguvu zaidi. Huyo hahitaji gundi laini zaidi, anahitaji kuacha kabisa na kuonana na daktari wa macho.

Suala la maji huulizwa sana na wateja wangu wa Ujiji kwa sababu ya udhu. Upande wa sheria ya dini huwaelekeza kwa masheikhe wao. Upande wa kope ni kwamba gundi ikishakauka vizuri, maji hayaidhuru. Anayekwepa kunawa macho kwa kuogopa kuharibu kope hukusanya mafuta, vumbi na ngozi iliyokufa kwenye mashina, na hapo ndipo kingo za macho zinapovimba na kuwasha. Povu laini lisilo na mafuta na maji safi kila siku vinatosha, kisha kope zichanwe zikikauka. Kinachoziharibu kope za bandia ni moto, kwani nyingi ni za plastiki: ukiinamia jiko la mkaa unapokaanga migebuka, ncha hujikunja na kushikana, na hakuna burashi itakayozinyoosha.

Kubandua kunataka dawa maalumu ya kulainisha gundi na dakika chache za subira, hadi ukope wa bandia uteleze wenyewe. Kuna wanaovuta kwa kucha usiku mbele ya kioo kisha wakapaka mafuta ya mnyonyo ili kope zirudi. Mafuta hayo hulainisha ukope na kuupa mng'ao, kuotesha hayajathibitishwa. Dawa iliyothibitishwa kuotesha ni bimatoprosti, ambayo kwanza ilikuwa dawa ya presha ya macho na ikaidhinishwa Marekani mwaka 2008 kwa ajili ya kope, lakini inaweza kuitia giza ngozi inayofunika jicho na hata kubadilisha rangi ya jicho lenyewe, nayo si ya kununua mtaani.

Mwezi Septemba 2018 Spika Job Ndugai alipowazuia wabunge wenye kope za bandia kuingia bungeni, wengi tuliofanya kazi hii tulikasirika. Mimi ningependelea tuulizwe jinsi tunavyoosha vibano kati ya mteja na mteja. Mteja mwenye mapengo simbandikii. Humwambia apumzike miezi miwili au mitatu, anawe, na apake wanja akitaka, mradi auoshe kabla ya kulala.